Nasaba ya Ngoma: Sheila E. na Nyumba ya Escovedo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi ujuzi wa ngoma za watu wa Kongo ulivyovuka bahari pamoja na mateka waliouzwa utumwani, ukatua Kuba, na huko ikazaliwa ile ngoma ndefu iitwayo konga, ipigwayo kwa viganja. Leo twaifuata mpaka mji wa Oakland, California, nyumbani kwa Pete Escovedo, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, fundi wa konga na wa timbale, ngoma zichapwazo kwa vijiti.

Bintiye Sheila alizaliwa tarehe 12 Desemba 1957. Walimwengu wamjuao kwa jina la Sheila E. aghalabu humtaja pamoja na mwimbaji Prince, kana kwamba ustadi wake ulianzia kwa Prince. Dhana hiyo siikubali hata kidogo, maana elimu yake aliipata utotoni, pasipo daftari wala darasa. Baba alipofanya mazoezi, mtoto aliketi mkabala naye akiiga kila pigo, na kwa kuwa aliiga kama ajitazamaye kiooni, mkono wa kuume wa baba ulikuwa wa kushoto kwake; ndiyo sababu mpaka leo, ijapokuwa hutumia mkono wa kuume kwa mambo mengine, kwenye konga mkono wa kushoto ndio utanguliao. Alisomeshwa fidla kwa miaka kadhaa, lakini moyo haukutulia huko.

Na ukoo wenyewe ulikuwa umejaa fani ya muziki. Ami yake Coke alipiga na bendi ya Santana, kisha yeye na Pete wakaunda bendi kubwa ya Azteca. Ami wengine, Alejandro na Javier, walishika gitaa za roki. Nduguze Juan na Peter Michael nao ni wapiga ngoma, na baba yake wa ubatizo ni Tito Puente, sultani wa timbale wa New York. Sheila alipokuwa na umri wa miaka 15, mpigaji mmoja wa Azteca aliugua, naye Sheila akamsihi babaye ampe nafasi ile. Akapewa, na tangu usiku huo fidla ikawekwa kando.

Mwaka 1977 baba na binti walitoa sahani yao, Solo Two. Baadaye Sheila akapiga na mpiga kinanda George Duke, na mwaka 1983 akawamo katika safari ya mwisho ya maonyesho ya mwimbaji Marvin Gaye. Hivyo basi, mwaka 1984, wimbo wake The Glamorous Life ulipofika nafasi ya 7 Marekani, huku akiimba na kuzichapa timbale kwa vijiti vyembamba, aliyesimama jukwaani hakuwa mwanafunzi wa mtu. Mwaka 1987 alikalia dramu nyuma ya Prince katika safari ya Sign o' the Times, kazi iliyotaka nguvu za miguu na mikono kwa saa nzima nzima, naye akaitimiza kwa taadhima ya fundi.

Mwaka 2021 taasisi ya Latin Recording Academy iliwatunuku Pete na Sheila, wote wawili kwa pamoja, tuzo ya mafanikio ya maisha. Juma lijalo tutaieleza timbale yenyewe na jinsi Tito Puente alivyoitoa nyuma ya bendi akaileta mbele.