Taa za Mbele za Magari ya Chama: Je, Inafaa Kubadili Globu?

Vyama vya msingi vya Wilaya ya Sengerema vinavyomiliki lori au pikapu hulitegemea gari hilo zaidi katika msimu wa pamba. Mchana pamba hupimwa, huandikwa na kupakiwa; mara nyingi mzigo hukamilika jua likiwa limekwisha kuchwa, na dereva hana budi kusafiri gizani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni mwaka 2025, gari haliwajibiki tena kungoja kivuko katika sehemu hiyo ya Ghuba ya Mwanza, na safari ya usiku baina ya Mwanza, Sengerema na Geita haina kizuizi kama zamani. Kwa sababu hiyo suala la taa za mbele limekuwa na uzito mkubwa kuliko lilivyokuwa.

Madereva wengi hulalamika kwamba taa za magari yao ni hafifu. Madukani nako huuzwa vifaa vya kubadilishia globu za kawaida ili gari liwe na taa za zenoni, ambazo wengi huzijua kwa jina la HID. Muuzaji huahidi mwanga mara tatu ya ule wa zamani kwa umeme mchache zaidi. Ahadi hiyo huletwa mbele ya bodi ya chama kwa njia ya ombi la fedha. Makala hii inaeleza taa hizo zinavyofanya kazi, kwa nini kubadili globu peke yake hakufai, na ni jambo gani lifanywe kwanza ili dereva aone njia vizuri.

TAA YA KAWAIDA

Taa ya kawaida ya gari hutumia globu ya halojeni. Ndani ya globu hiyo mna waya mwembamba sana uitwao filamenti, ambao hupashwa moto na umeme hata ukatoa mwanga. Globu ya aina ya H4, inayotumika katika magari mengi, ina filamenti mbili: moja ya mwanga mrefu, ambao madereva huuita ful, na nyingine ya mwanga mfupi, yaani dimu. Katika gari la volti 12, filamenti hizo kwa kawaida ni za wati 60 na wati 55.

Jambo la kuangalia ni kwamba globu haifanyi kazi peke yake. Nyuma yake kuna kikombe king'aavyo, ambacho mafundi hukiita rifleka, na mbele yake kuna kioo. Kikombe hicho kimechongwa kwa kipimo cha filamenti: urefu wake wa milimita chache na mahali hasa inapokaa. Chini ya filamenti ya dimu kuna kikingio kidogo cha chuma kinachozuia sehemu ya mwanga isipande juu. Matokeo yake ni kwamba mwanga wa dimu huanguka barabarani, na juu yake kukawa na mstari wa giza. Mstari huo ndio unaomlinda anayekuja kutoka upande wa pili. Katika nchi kama Tanzania, ambako magari hupita kushoto, mwanga huo hupanda kidogo upande wa kushoto ili kumulika waendao kwa miguu na alama za kando ya barabara.

TAA YA ZENONI

Taa ya zenoni haina filamenti. Ina kichupa kidogo chenye gesi ya zenoni na chumvi za madini. Umeme huruka baina ya ncha mbili zilizoachana kwa milimita 4 hivi, na mruko huo ndio unaotoa mwanga. Ili kuuanzisha huhitajiwa nguvu ya zaidi ya volti 20,000, na kwa hiyo kila taa huwa na kifaa chake maalumu kiitwacho balasti. Taa ikishawaka nguvu hiyo hushuka sana, lakini huchukua sekunde kadhaa kabla ya kufikia mwanga wake kamili.

Ni kweli kwamba taa hii hutoa mwanga mwingi. Globu ya zenoni ya wati 35 hutoa lumeni 3,200 hivi, na filamenti ya dimu ya globu ya H4 ya wati 55 hutoa lumeni 1,000 hivi. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka katika globu. Hapo muuzaji hasemi uongo. Asilolisema ni mwanga huo unakwenda wapi.

Taa za zenoni zilianza kuwekwa katika gari la BMW nchini Ujerumani mwaka 1991. Tangu mwanzo zilitengenezwa pamoja na kikombe au lenzi yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za magari zinataka taa ya dimu yenye globu ya zaidi ya lumeni 2,000 iwe na chombo cha kuinamisha taa chenyewe gari linapopakia mzigo, na chombo cha kusafisha kioo cha taa. Masharti hayo yaliwekwa kwa sababu mwanga mwingi usioongozwa ni hatari, na kioo chenye vumbi huutawanya kila upande.

KWA NINI GLOBU PEKE YAKE HAIFAI

Globu ya zenoni ikitiwa katika kikombe cha halojeni, chanzo cha mwanga hakikai tena mahali pale pale, wala hakina umbo lile lile. Mruko wa umeme umepinda kama upinde, na mwangaza wake umekusanyika kwenye ncha zake. Filamenti ni mnyoofu na hung'aa sawasawa. Kikombe hakina namna ya kulitambua badiliko hilo. Hurudisha mwanga kama kilivyochongwa, nao huenda mahali usikotakiwa. Mstari wa giza hupotea, na mwanga hupanda hadi machoni mwa anayekuja.

Dereva mwenyewe hudanganyika. Huona weupe mwingi karibu na bampa la gari lake, akadhani anaona vizuri. Lakini ardhi ya karibu ikimulikwa mno, jicho huizoea, na vitu vilivyo mbali huzidi kuwa vigumu kuonekana. Globu zenye rangi ya buluu ni mbaya zaidi, kwa kuwa hutoa mwanga mchache kuliko nyeupe na huchosha macho ya wengine.

Yafaa kuhesabu hasara hiyo kwa mita. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Mtu aliyemulikwa machoni asione kwa sekunde tatu atakuwa amekwenda mita 50 bila kujua kilicho mbele yake. Katika barabara za Sengerema, ndani ya mita hizo 50 huenda yumo mwendesha baiskeli asiye na taa, mkokoteni wa ng'ombe unaorudi nyumbani, au wanawake waliotoka mnadani. Wengi wao ni wanachama wa chama kile kile chenye lori. Tena anayepofushwa si adui wa dereva: ndiye atakayepishana naye kwa umbali wa mita moja tu.

Kuna hatari nyingine inayohusu mzigo. Vifaa vingi vinavyouzwa ni vya volti 12, na malori mengi ni ya volti 24. Fundi asiye mwangalifu hukata nyaya, huunganisha kwa kusokota na kuzungushia utepe, au huchukua umeme kutoka betri moja kati ya mbili. Kiungo kilicholegea hupata moto. Pamba mbegu iliyopakiwa wazi hushika moto upesi, na ikishawaka ni vigumu kuizima. Chama hakiwezi kuweka mavuno ya wakulima juu ya kiungo cha namna hiyo.

Nchi nyingine zimekwisha kulikataa jambo hili. Nchini Uingereza, taa ya halojeni ya gari iliyotiwa globu ya zenoni hukataliwa katika ukaguzi wa kila mwaka. Hapa nchini, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe katika hali isiyohatarisha watu. Globu za LED, ambazo sasa huuzwa kwa wingi kuliko za zenoni, zina kasoro hiyo hiyo zikitiwa katika kikombe ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake.

KWANZA CHUNGUZENI TAA ZILIZOPO

Katika magari mengi ya zamani, udhaifu wa taa hautokani na aina ya globu. Hutokana na uchakavu ambao ungeweza kuondolewa kwa gharama ndogo. Dereva na fundi wafuate hatua hizi kwa utaratibu.

1. Kioo na kikombe. Osheni kioo cha taa kila kabla ya safari ya usiku, hasa wakati wa kiangazi. Kioo cha plastiki kilichogeuka manjano husuguliwa kwa msasa wa maji ulio laini, kisha hung'arishwa. Kikombe kilichoota kutu au kubabuka ndani hakitengenezeki. Taa nzima ibadilishwe.

2. Globu. Globu hufifia kadiri inavyotumika. Zibadilishwe zote mbili kwa wakati mmoja, kwa wati zile zile zilizoandikwa na mtengenezaji wa gari. Globu ya wati 100 isitiwe, kwa kuwa nyaya na swichi havikutengenezwa kwa mzigo huo, na huyeyuka. Kioo cha globu ya halojeni kisishikwe kwa vidole. Mafuta ya ngozi hufanya kipasuke kikipata moto.

3. Umeme unaofika. Hatua hii husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Injini ikiwa inanguruma na taa zikiwa zimewashwa, fundi apime volti kwenye betri, kisha apime kwenye globu. Katika gari la volti 12, tofauti ikizidi nusu volti kuna kasoro katika nyaya. Upungufu wa umeme wa sehemu 10 kwa 100 hupunguza mwanga kwa sehemu 30 hivi kwa 100. Kwa hiyo gari linalopoteza volti moja na nusu njiani limepoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake, na hakuna aliyeiba. Dawa yake ni kusafisha viungo, kukaza waya wa ethi kwenye bodi ya gari, na kuweka rilei ili umeme wa taa utoke kwenye betri moja kwa moja kwa waya mnene wenye fyuzi yake. Swichi ya dereva hubaki na kazi ya kuiamrisha rilei tu.

4. Mwelekeo. Gari lisimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha. Kimo cha katikati ya taa kipimwe kutoka chini, kisha alama ya kimo hicho iwekwe ukutani. Mstari wa juu wa mwanga wa dimu uwe chini ya alama hiyo kwa sentimita 10 hadi 15. Ukiwa juu zaidi unapofusha; ukiwa chini mno dereva haoni mbali. Mzigo wa nyuma huinua pua ya gari, na kwa hiyo upimaji ufanywe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Magari mengine yana kitufe cha kuteremsha taa karibu na usukani; dereva afundishwe kukitumia.

5. Upande. Gari lililotoka nchi ambako magari hupita kulia huinua mwanga wake upande wa kulia, yaani machoni mwa wanaokuja. Kasoro hiyo haiondolewi kwa kukaza skrubu. Taa zenyewe zibadilishwe ziwe za nchi za kupita kushoto. Magari yaliyotoka Japani kwa kawaida hayana tatizo hili.

IWAPO CHAMA KINATAKA ZENONI

Ipo njia iliyo sahihi. Nayo ni kununua taa nzima za gari la aina hiyo hiyo, zilizotengenezwa kiwandani kwa ajili ya globu ya zenoni, zikiwa na lenzi, balasti na chombo cha kuziinamisha. Gharama yake ni kubwa, na kwa lori linalosafiri usiku kwa miezi michache ya mwaka huenda isilete faida inayolingana nayo.

WAJIBU WA BODI NA KATIBU

Ombi la taa likiletwa, Katibu asilipeleke mbele ya bodi likiwa na bei ya muuzaji peke yake. Aliambatanishe na taarifa ya fundi yenye volti zilizopimwa kwenye betri na kwenye globu, hali ya vikombe, na mwelekeo wa taa ukutani. Bila vipimo hivyo bodi haijui inanunua dawa ya ugonjwa gani.

Kazi ya kusafisha, globu mpya na rilei iingizwe katika hesabu ya matengenezo ya gari, kwa stakabadhi, na iandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe. Fedha zisitolewe nje ya makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Baada ya kazi, fundi apime tena mbele ya dereva na mjumbe mmoja wa bodi, na tarakimu za kwanza na za pili ziwekwe jaladani. Mwanachama akiuliza katika mkutano mkuu fedha yake imefanya nini, Katibu atakuwa na jibu la kumsomea.

Kazi hii yafaa ifanywe kabla ya kilo ya kwanza ya pamba kununuliwa, wakati gari limesimama na fundi hana haraka.