Tiketi Kabla ya Mwezi Kuandama

Ramadhani ikielekea ukingoni, watoto wa Mombasa huanza kuuliza habari za ndovu wa Nairobi. Mwaka mmoja niliwajibu wajukuu zangu, "Tiketi tutazikuta huko huko." Tukafikia kwa shemeji yangu Kawangware, upande wa Dagoretti, tukavuka hadi Lang'ata. Nafasi zimejaa! Kosa lilikuwa langu. Yule mdogo hakulia; alinyamaza njia nzima, na kimya kile kilinichoma kuliko kilio.

Basi wazazi wenzangu, kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyoanzishwa 1946, hupokea wageni saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, nawe sharti uwe umeshika nafasi mapema. Ada ya mbuga ni mbali, hulipwa kwa mtandao wa eCitizen. Shika kwanza ya ndovu, ndipo ukate ya treni, nayo ifike jana yake. Treni ya asubuhi kutoka Mombasa huingia Nairobi saa hiyo imekwisha pita.

Na Idd je, ambayo mwenye kuipanga ni mwezi? Mimi huhesabu Ramadhani ya siku ishirini na tisa, nikashika Idd Nne. Zikitimia thelathini, itakuwa Idd Tatu. Sala na kupeana mikono ya Idd vimekwisha.

Mwaka uliofuata mjukuu wangu alimwona mwanandovu akinyonya chupa. Akaniuliza, "Babu, mamake yuko wapi?"