Barabara ikikatika, mkreseri analipa mara mbili

Tangu Septemba mpaka Mei, kwenye milima ya Masisi na ndani ya pori ya Walikale, mvua njo inapanga kazi ya watu. Kati ya Sake na Mushaki udongo ukishalowa unateleza kama sabuni. Fuso moja ikizama, zingine zote zinapanga mstari nyuma yake, na mzigo wa watu unalala njiani. Wa moto wanashusha abiria wasukume.

Watu wanasema: mvua ni ya Mungu, tutafanya nini? Mimi sikubali. Tuangalie hesabu kwanza.

Barabara ikiharibika, negosia anafika kwenye shimo anasema: kusafirisha ni ngumu, kwa hiyo kilo ya coltan naishusha bei. Jioni ile ile unaenda dukani kununua unga, chumvi na mafuta, mwenye duka naye anasema: barabara mbaya, bei imepanda. Matope ni yale yale, lakini yanakukula pande zote mbili. Na bariyeri zinaendelea kulipisha, hata pale gari haipiti!

Tena kuko deni. Mkreseri anakula chakula cha PDG wa shimo, na kinaandikwa kwenye daftari. Siku usiposhuka, deni inapanda. Njo maana watu wanashuka wakati mlima umekunywa maji mpaka umeshiba. Tuseme ukweli pia: mvua inaleta maji ya kusafishia madini, hakuna anayetaka kuiacha ipite bure.

Rubaya tumeona matokeo. Tarehe 28 Januari 2026, kilima kilishuka juu ya watu. Msemaji wa gavana aliyewekwa na M23, kundi linaloshika Rubaya tangu Aprili 2024, alisema waliokufa wanapita 200: wakreseri, watoto, na mama waliokuwa wanauza vitu pale. Hao mama hawakuingia hata kwenye shimo. Kutoka Rubaya mpaka Goma ni kama kilometa 60, lakini kwa majeruhi, wakati wa mvua, kilometa 60 ni safari nyingine kabisa. Na mlima ule unatoa karibu asilimia 15 ya coltan ya dunia nzima.

Walikale wanajua mateso ya barabara kuliko sisi. Wazee wa Bisie wanakumbuka kubeba mfuko wa kilo 50 wa kasiterite mgongoni, siku mbili ndani ya pori, mpaka Ndjingala. Barabara ya kufika Bisie ilikuja tu wakati kampuni ilianza kuchimba kwa mashine. Kule Kilambo ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara, kwa sababu magari ya kutoka Goma hayakuweza kufika. Fikiri, ndugu msomaji: barabara inatumika kama uwanja wa ndege kwa kukosa barabara! Halafu Januari 2025 uwanja wa Goma ukafungwa, na bei ya sabuni ikazidi kuumiza mama wa Walikale.

Kutengeneza barabara ni kazi ya wale wanaokusanya pesa ya bariyeri, hata wawe nani. Kumwita mkreseri kwa salongo, apige jembe bure kwenye barabara aliyokwisha kulipia, hiyo ni kumwibia.

Lakini kuko mambo ya shimoni ambayo hayangoji vita iishe. Wenzetu wa sendika tunawaomba ma-PDG hivi: mvua kubwa ikinyesha usiku, kesho yake asishuke mtu mpaka ukingo wa juu uangaliwe kama umepasuka. Mtaro uchimbwe juu ya shimo, maji yapite kando. Miti ya kushikilia udongo iwekwe mbele ya kuendelea chini. Mama wa bugali na sombe wauzie mbali na mguu wa kilima. Na chakula cha siku ya mvua kisiandikwe kwenye daftari ya deni.

Hiyo ya mwisho njo wanakataa zaidi. Tutaendelea kuidai, kwa sababu bila hiyo zile zingine nne hakuna mwenye njaa atazifuata.