Kaole Hadi Mkunazini: Namna ya Kuipanga Safari ya Miguu ya Miji Miwili

Kila bumu likiingia utasikia watu wanaambizana, "Wikiendi hii Zenji." Wanapanda boti, wanakula urojo Forodhani, wanapiga picha, wanarudi. Hakuna ubaya. Ila kwa sisi tunaosomea ualimu, hasa wenzangu wa historia, kwenda Unguja bila kupita Bagamoyo ni kuruka nusu ya somo. Karne ya 19 miji hii miwili iliendesha biashara moja. Pembe za ndovu na watu waliotekwa bara walishuka na misafara hadi Bagamoyo, kisha wakavushwa kwa majahazi kwenda Unguja. Basi nawe fuata mwelekeo huo huo: Bagamoyo kwanza, Mji Mkongwe baadaye.

Siku tatu zinatosha, Ijumaa hadi Jumapili. Kwa kuwa boti za abiria zinatoka bandari ya Dar, itabidi urudi Dar kulala Ijumaa. Inaudhi kidogo, lakini kitanda cha hosteli ni cha bure, na bumu lenyewe tunalijua.

Bagamoyo iko kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar. Panda gari la alfajiri, na ukifika chukua bodaboda moja kwa moja hadi Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji. Hapo kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Anzia huko makusudi, maana Kaole ilikuwa mji kabla Bagamoyo haijavuma, halafu unarudi mjini kwa miguu kabla jua halijawa kali. Mjini pita Ngome Kongwe na Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Mwanafunzi wako ataona ajabu: Boma limejengwa miaka 6 baada ya makao makuu ya Wajerumani kuhamia Dar, mwaka 1891. Mwache aulize kwa nini.

Malizia misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Kwenye kanisa la kale ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwaka 1874, baada ya akina Susi na Chuma kuubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Moyo wake walikuwa wameuzika huko huko chini ya mti. Likumbuke jambo hili, utalihitaji kesho.

Jumamosi panda boti ya asubuhi, takriban saa mbili hivi majini. Usisahau kitambulisho. Ukishuka, usikimbilie Forodhani. Nenda Mkunazini, kwa sababu Jumapili kanisani kuna ibada na hutaweza kuzungukazunguka. Kanisa Kuu la Anglikana limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Ndani kuna msalaba unaoelezwa kuwa umechongwa kwa mti ule wa Chitambo. Aliyetoka Bagamoyo jana hahitaji kuelezwa mara mbili.

Karibu na kanisa utashushwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi na kuambiwa watumwa walifungiwa humo. Hapa mwalimu awe makini. Jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka habari ya vyumba hivyo. Soko lilikuwepo, mateso yalikuwepo, hilo halina mjadala. Lakini mtoto wa kidato cha pili akija kugundua kwamba kitu kimoja ulimwambia bila kukipima, ataanza kushuku na vile vya kweli. Mimi ningewapeleka, kisha ningewauliza: tunajuaje?

Jioni ndiyo Forodhani, kula utakavyo. Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash iko pale pale mbele ya bahari. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo usiiweke kwenye ratiba kama mahali pa kuingia bila kuulizia kwanza.

Jumapili asubuhi weka ramani mfukoni. Vichochoro vya Mji Mkongwe havifuati mstari, na ukipotea, kina mama na wazee wa barazani watakuelekeza ukianza na salamu. Vaa nguo ya heshima. Ila hakikisha uko bandarini mapema, boti haimsubiri mtu.