Kimpumu: pombe inayosubiri maji ya moto

Asubuhi ya Juni mjini Tukuyu ukungu hushuka mpaka mlangoni. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake Mlima Rungwe unapanda hadi karibu mita 2,960. Katika baridi hiyo, mgeni anayekaribishwa kimpumu huletewa vitu vitatu: chombo kilichojaa kitu kizito chenye rangi ya udongo, mrija, na chupa ya chai. Chupani hamna chai, ni maji ya moto. Unayamimina mwenyewe, unangoja kidogo, kisha unavuta.

Je, wajua kwamba unapomimina maji hayo, pombe yenyewe imeshaiva siku nyingi? Hapo ndipo kimpumu kinapoachana na pombe nyingine za kwetu. Ulanzi wa Iringa na Njombe hugemwa kwenye mwanzi ukiwa umajimaji tangu tone la kwanza. Mbege ya Uchagani ni maji ya ndizi zilizopikwa, yakatiwa mso, yaani uji, wa ulezi. Kimpumu huchachuka kikiwa kinyunga, yaani donge zito la unga wa nafaka, na kileo hukaa humo ndani ya nafaka. Maji ya kunywea huja mwisho kabisa, mbele ya mnywaji.

Nafaka hiyo ni ulezi. Punje yake ni ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, na ulezi ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda, ambako watu walianza kuulima kutoka kwenye nyasi mwitu maelfu ya miaka iliyopita. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za madini ya kalisi, mara nyingi zaidi ya mahindi. Udogo wake humnyima dumuzi mahali pa kuingilia, hivyo hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa. Mahindi nayo huoteshwa, lakini kwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, ulezi ndio wenye nguvu. Nguvu hiyo inataka maelezo, kwa sababu ndiyo siri ya pombe nyingi za nafaka duniani.

Mwingereza anayetengeneza pombe ya matofaa nyumbani hana kazi kubwa. Anayaponda matunda, anakamua, anangoja. Sukari imo tayari, na hamira hujileta yenyewe kutoka kwenye maganda na vyombo. Ndizi mbivu nayo haisumbui. Lakini punje ya nafaka haina sukari ya kutosha. Ina wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Ghala limejaa na mlango umefungwa.

Ufunguo anao ulezi mwenyewe. Ukilowekwa kisha ukatandazwa na kufunikwa mahali penye unyevu, mbegu hudhani imepandwa. Huanza kutengeneza vimeng'enya, hasa amilesi, vinavyoukata wanga kuwa sukari ili mche mchanga upate chakula. Mpika pombe anaachia kazi hiyo siku mbili tatu, mpaka vijimizizi vyeupe vinashikana kama mkeka. Hapo anaikatiza: anaanika juani, mche unakufa, vimeng'enya vinabaki vimelala ndani ya punje kavu. Hicho ndicho kimea. Kikisagwa na kukutana tena na unyevu na joto, vimeng'enya huamka na kuendelea pale vilipoishia. Akikatiza mapema, kimea ni dhaifu. Akichelewa, mche umeshakula sukari ambayo ingekuwa pombe. Hakuna saa inayomwambia. Anatazama urefu wa mizizi, anaonja, ananusa. Kwangu mimi huo ni ujuzi wa maabara, ingawa haufanyikii maabara.

Kisha inakuja zamu ya wadudu wasioonekana. Bakteria wa asidi ya lakiti, ndugu za wale wa mtindi, huufanya mchanganyiko huo wa kimea uwe mchachu, na uchachu huo huzuia vijidudu vingi vya maradhi. Hamira nayo hula sukari na kutoa kileo na hewa ya kaboni dioksidi. Hesabu yake ni ya kushangaza: kila gramu 180 za glukosi hugeuka kuwa gramu 92 za kileo na gramu 88 za hewa, yaani karibu nusu ya sukari hupotea angani kwa mapovu. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner aliisaga hamira na mchanga, akakamua maji yake, akayatia sukari, na mapovu yakatokea bila chembe hai hata moja. Ndipo wanasayansi wakajua kwamba uchachukaji nao ni kazi ya vimeng'enya. Buchner alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1907.

Hamira hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa ambalo liko mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari, joto hilo lipo bure. Tukuyu halipo, na kinyunga kilekile huchukua muda zaidi. Ndiyo maana mahali pake pazuri ni jikoni, karibu na moto, kikiwa kimefunikwa vizuri.

Sasa rudi kwenye mrija. Mwaka huohuo wa 1897, huko Maikop kusini mwa Urusi, wachimbuaji walikuta kaburini mirija minane ya dhahabu na fedha yenye urefu wa zaidi ya mita moja. Mwaka 2022 watafiti walitoa hoja kwamba ni mirija ya kunywea pombe; ndani ya mmoja walikuta mabaki ya wanga wa shayiri na kichujio nchani. Ina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Karibu zaidi nasi, Wateso wa Uganda hukizunguka chungu cha ajon, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakiongeza maji ya moto. Na katika milima ya Nepal ya mashariki Walimbu wana tongba: ulezi uliochachuka, maji ya moto, mrija. Ni ulezi huuhuu, uliotoka Afrika zamani sana ukafika Bara Hindi. Mtu wa Tukuyu akikaribishwa huko hatahitaji kufundishwa.

Maji ya kwanza ndiyo makali, kwa sababu huyeyusha sehemu kubwa ya kileo. Ya pili hupungua, ya tatu hupungua zaidi, mpaka mrija unaleta ladha ya maji matupu. Na kwa kuwa kimpumu ni cha moto na kina utamu, ukali wake hausikiki haraka mdomoni. Mgeni asikimbilie. Maji yawe yamechemka kweli, na kila mtu awe na mrija wake, maana mrija wa kupokezana hupokezana na maradhi.

Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe na Kyela, miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1951 kitabu *Good Company*, kuhusu vijiji ambavyo wanaume wa rika moja waliishi pamoja. Alionyesha jinsi walivyothamini ukwangala, yaani kukaa, kula na kunywa na wenzako kwa furaha. Chombo kinachotaka kungojwa na kuongezwa maji kinafaa sana kwa kazi hiyo.

Vipimo vya kimpumu vimo mikononi mwa akina mama na bibi wanaokipika, na vingi havijaandikwa popote. Kama nyumbani kwenu Rungwe, Busokelo au Kyela yupo bibi anayejua kuotesha ulezi, kaa naye wiki hii umuulize: anauloweka kwa muda gani, anajuaje kwamba kimea kimetosha, wakati wa baridi anakingoja siku ngapi. Andika anavyosema, kwa maneno yake, na uweke tarehe. Ukimaliza mwambie ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.