Vikapu Viwili vya Tini: Uhamisho wa Babeli na Kuamka kwa Roho

Mwaka 597 K.K. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliwachukua mateka mfalme Yekonia, wakuu wa Yuda, mafundi na wafua chuma wa Yerusalemu. Waliobaki mjini walijiona kuwa ndio wateule: Hekalu lingali limesimama, nchi ni yao. Ndugu zao waliopelekwa mbali waliwahesabu kuwa wametengwa na Bwana.

Ndipo nabii Yeremia alipoonyeshwa vikapu viwili vya tini mbele ya Hekalu (Yer 24). Ajabu ni kwamba tini njema ni wahamishwa, na tini mbovu zisizolika ni wale waliosalia karibu na madhabahu. Walio mbali ndio walioahidiwa moyo wa kumjua Mungu. Ezekieli naye, mmoja wa wahamishwa hao, aliona katika maono utukufu wa Bwana ukiondoka Hekaluni, akaambiwa kwamba Mungu mwenyewe amekuwa patakatifu pao huko ugenini (Eze 11).

Tuwe waangalifu hapa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 116) inafundisha kwamba maana nyingine zote za Maandiko husimama juu ya maana ya maneno yenyewe. Uhamisho ulikuwa machozi ya watu halisi. Hatuna ruhusa ya kumwambia mkimbizi kwamba mateso yake ni mfano tu wa maisha ya roho.

Hata hivyo, tukio hilo latuhusu. Sisi nasi twaweza kusinzia tukiwa Hekaluni: tumebatizwa, tuna jumuiya, zaka tumetoa, basi tumetulia. Kisha sala yakauka, au msiba watunyang'anya tulichokiegemea, na swali laamka: tulimtegemea Mungu, au tuliyazoea tu mazingira yake? Mwana mpotevu alizinduka katika nchi ya mbali, kati ya nguruwe (Lk 15).

Nabii Hanania aliwaahidi watu kwamba mateka wangerudi katika miaka miwili. Leo pia wapo wanaotuahidi muujiza kabla ya Jumapili ijayo. Barua ya Yeremia kwa wahamishwa ilikuwa tofauti kabisa: wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, na wauombee kwa Bwana mji uleule waliohamishiwa (Yer 29).