Kuvu Zinazokula Mafuta

Kila anayeosha sufuria ya chapati anajua kwamba maji matupu hayaondoi mafuta. Sasa fikirieni kiwanda kizima kikimwaga maji ya namna hiyo mtoni. Mafuta huelea juu, hewa haiingii vizuri, na samaki hufa. Katika toleo hili tunaeleza jinsi kuvu, yaani jamii ya ukungu na hamira, zinavyoweza kugeuza uchafu huo kuwa kitu cha kuuzwa.

Tatizo la zeituni

Mizeituni tunaijua kutoka Biblia. Hata jina Gethsemane lina maana ya shinikizo la mafuta. Hispania, Italia, Ugiriki na Tunisia hukamua zeituni kwa wingi. Katika mashine zinazoongezewa maji, kilo 100 za zeituni huacha takriban lita 100 za maji meusi yenye mabaki ya mafuta. Uchafu wake unaweza kushinda ule wa maji taka ya nyumbani mara 100, na tena yana kemikali ziitwazo finoli ambazo hudhuru mimea. Ndiyo sababu Italia, kwa sheria nambari 574 ya 1996, iliwawekea wakulima kipimo: mita za ujazo 50 au 80 kwa hekta kwa mwaka, kulingana na aina ya mashine.

Kuvu hufanyaje kazi?

Kuvu haina mdomo wala tumbo. Inatoa vimeng'enya nje ya mwili wake, navyo vinakata chakula vipande vidogo, kisha inavifyonza. Kimeng'enya kinachokata mafuta huitwa laipesi. Hamira moja, Yarrowia lipolytica, ni hodari sana kwa kazi hii. Watafiti wa Italia na kwingineko wameijaribu katika maji ya zeituni.

Kazi huenda hivi:

1. Maji huchujwa, na pengine kupunguzwa ukali kwa maji safi.
2. Huongezwa naitrojeni, kwa maana mafuta hayana, na hamira haikui bila hiyo.
3. Hamira hutiwa ndani ya tangi lenye joto la nyuzi 28 hadi 30 hivi. Hewa hupulizwa na maji kukorogwa ili mafuta yasikae juu tu.
4. Baada ya siku chache hamira hutenganishwa. Laipesi hubaki ndani ya maji, ikaondolewa na kusafishwa.

Laipesi hutumika katika jibini, ngozi na sabuni ya unga. Mwaka wa 1988 kampuni ya Novo ya Denmark ilileta sokoni laipesi ya sabuni iliyotengenezwa na kuvu Aspergillus oryzae, ile ile ambayo Wajapani hutumia kwa mchuzi wa soya.

Je, ni mali ya bure?

La. Laipesi nyingi ya viwandani hukuzwa kwa chakula safi kinachojulikana, kwa sababu uchafu hubadilika kila siku, zeituni hukamuliwa miezi michache tu kwa mwaka, na kusafisha kimeng'enya ni gharama. Pia maji yanayobaki sio safi bado. Mafuta yamepungua, lakini sehemu ya finoli na rangi nyeusi ipo. Mwenye kiwanda akiuza laipesi halafu amwage mabaki mtoni, jirani wa chini hajasaidika.

Onyo

Tafadhali, mtu asijaribu kufuga ukungu nyumbani. Ndugu wa Aspergillus oryzae ni Aspergillus flavus, inayotia sumu ya aflatoksini katika mahindi. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kuvu ya kazi huchaguliwa na wataalamu na kulindwa isichanganyike na nyingine.

Sisi tufanye nini?

Vikundi vyenye jiko kubwa au mashine ya kukamua avokado, alizeti au nazi vianze na hatua rahisi. Wekeni shimo la kunasa mafuta kabla maji hayajatoka, na mlisafishe mara kwa mara. Mafuta yaliyokaangia yachujwe yatengenezewe sabuni. Tena ulizeni kiwanda kilicho karibu nanyi maji yake yanakwenda wapi. Mto ni wa wote, na anayekaa chini ndiye anayekunywa tunachomwaga juu.